Jina Lililosubiri Maji

Saa kumi na moja jioni mjomba Severini alinipa kibuyu akaniambia nikalete maji ya maporomoko.

"Urudi kabla jua halijazama," alisema. "Na ukishaingia korongoni usitaje jina la mtu. Lako wala la mwenzako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekwambia."

Ndivyo hoja zilivyojibiwa kwetu mlimani, Aprili ya mwaka hamsini na nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa pili chuo cha ualimu, na katika chama chetu cha midahalo wasichana walikuwa wakimwomba mwenyekiti asiwapange upande wa kunipinga. Ningeweza kumuuliza mjomba: wewe katekista mzima, unayeongoza rozari kila jioni, unaogopa nini kwenye korongo? Swali lilikuwepo mdomoni. Sikuliuliza. Nilichukua kibuyu nikaenda.

Tangu mama afe nilikuwa hivyo. Hasira nilikuwa nayo, tena nyingi, lakini ilikaa mbali nami, kama kelele za ugomvi katika nyumba ya jirani.

Mama alikufa Januari. Mjomba hakupeleka telegramu. Aliandika barua, eti nisije nikavuruga masomo, na barua ikachukua siku kumi na sita kunifikia. Niliisoma ukumbi wa chakula, kijiko kikiwa mkononi. Nikaikunja. Nikamaliza uji. Sikumwambia mtu mpaka jioni, na hata jioni sikulia. Ilipofika likizo ya Pasaka nikapanda treni. Nikaipita Kingolwira usiku, nikashuka Morogoro, nikadandia lori la kwenda Mkuyuni, kisha nikapanda mlima kwa miguu nusu siku. Niliposimama juu ya kaburi la mama nyasi zilikuwa zimeshaota. Sikulia.

Sasa hayo maji.

Katika ukoo wa mama, jina la marehemu hurithiwa. Mtu mmoja wa damu ya kike huoshwa uso kwa maji ya maporomoko, hupewa jina, na kuanzia hapo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu humwita mama. Ndugu humwita dada. Hulala nyumba ile na kulima shamba lile. Lakini maporomoko yetu ni ya msimu. Masika yakija, maji yanaanguka. Kiangazi hakuna kitu ila ukuta wa mwamba. Kwa hiyo aliyekufa kiangazi hana budi kusubiri. Miezi yote hiyo jina lake halitamkwi. Lipo tu, halina mwenyewe.

Mama alibatizwa Anastasia, na hilo padre alilizika naye. La nyumbani, Mosi, lilibaki juu ya ardhi likisubiri mvua.

Mjomba alitaka nilichukue mimi. Maana yake niache chuo, nikae mlimani. Na nikikataa, angelichukua Yuliana, mdogo wangu wa pekee, mwenye miaka kumi, darasa la tatu shule ya misheni. Yuliana alikuwa mtoto wa kusoma kila kitu. Alisoma magunia. Alisoma karatasi za kufungia chumvi. Alisoma kwa sauti maandishi ya kwenye misalaba ya makaburini mpaka watu wakamfukuza. Na yeye akipewa jina, shule basi.

"Nyumba ya mwanamke ikikaa tupu, shamba linaliwa," mjomba alikuwa akisema. "Wa nyumba nyingine wataingia. Bwana shamba ataleta matuta yake ya lazima ya serikali, hakuna wa kusimama mlangoni. Unataka nifanyeje, mwalimu?"

Nilikuwa na jibu. Modesta, binti wa mama mdogo, alikuwa mtu mzima, hakuwahi kusoma, na nusu ya shamba la mama alikuwa akililima tayari. Tena alilitaka jina hilo. Nilimbana mjomba mpaka akaahidi: nilete maji, na kesho asubuhi nitasema mbele ya wazee kabla mtu yeyote hajaoshwa. Kwa hiyo nilipokuwa nikishika njia ya korongo nilikuwa nikipanga hotuba. Nilijua nitashinda. Yuliana atabaki darasani, nami nitarudi chuoni.

Nyuma yangu uani watu walikuwa wakicheka. Alikuwa Mwaisha.

Mwaisha ni mtani wetu, mama wa Kiislamu wa Mkuyuni, na kazi ya mtani msibani mnaijua. Tangu asubuhi alikuwa amevaa gauni la mama, amelipindua ndani nje kama desturi inavyomtaka mtani, mishono yote ikionekana, akiuburuta mguu wa kushoto kama mama alivyouburuta. "Severini! Rozari ndefu, jembe fupi!" alipiga kelele, sauti ileile, na watu wakacheka huku wakifuta machozi. Mimi nilitazama njia tu.

"Huyu mwalimu macho yake yamepigwa lipu," alisema akinisogelea. "Hulii? Nitakufuata mpaka chooni, wewe. Utalia tu."

Mtani hajibiwi kwa hasira. Kwa mtani neno halina kesi. Atakutukana mama yako, utamtukana baba yake, na jioni mtakula sahani moja. Ukisema uongo, ukisema "nakupa shamba langu lote," hakuna atakayekudai kesho. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Njia ya maporomoko haipitwi na mtu miezi minane ya mwaka. Ilikuwa imejifunga. Majani ya magugu yalinifika kifuani, mianzi imeanguka huku na huku, na ilinibidi nipite nimeinama, mikono ndani ya mikono ya sweta kwa kuogopa upupu. Kuta za mwamba zilisogeleana kadiri nilivyopanda. Juu kabisa kulikuwa na mstari wa jua. Chini kulikuwa na rangi ya majani tu.

Mbele yangu maji yalisikika. Yalikuwa kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili.

"Wazee wangu," nilisema kwa sauti, nikijizoeza. "Hoja yangu ya kwanza..."

Ta... srrr.

Nikatega sikio.

Ta... srrr. Ta... srrr.

Mguu mmoja unakanyaga. Mwingine unaburutwa.

Halafu ikaja harufu. Ugoro, na moshi wa kuni mbichi. Harufu ya kilemba cha mama.

Sikugeuka. Nilichoka tu. Nilisema, "Mtani, rudi. Njia inateleza, utauvunja huo mguu wa kuazima."

"Umechelewa," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya mama, na ule mkwaruzo wake mwanzoni mwa neno. Nikampa Mwaisha alama zake. Uani hakuwa ameupatia mkwaruzo ule.

"Waliochelewa ni walioandika barua," nikajibu. "Kamlalamikie kaka yako."

"Barua ulisoma."

"Nilisoma."

"Uji ukamaliza."

Nikasimama.

Nilijaribu kukumbuka nimemwambia nani habari ya uji. Nikafikiri labda nilimsimulia Yuliana kitandani, naye akamsimulia Mwaisha alipokuwa akisukwa nywele asubuhi. Labda. Nilitaka iwe hivyo, ikawa hivyo. Nikageuka.

Alisimama kama hatua kumi chini yangu, pale njia inapobanwa na mawe mawili. Kilemba kilikuwa kimeshuka, na mwanga ulitoka nyuma yake, kwa hiyo uso sikuuona. Gauni nililiona. Maua mekundu juu ya buluu, yamekolea vizuri kabisa.

"Nyumba yangu analala nani?" akauliza.

Huo ni mchezo tunaoujua sote. Mtani akiwa marehemu, unamjibu kama marehemu mpaka aridhike. Usipomjibu hatakuacha uende zako.

"Panya," nikasema.

"Jembe langu?"

"Liko mlangoni."

"Jina langu?"

Maji kule mbele yaliendelea kuzungumza.

"Mimi silitaki," nikasema. "Nina mtihani."

"Sikukuuliza usilolitaka."

Hapo ndipo ninaporudi kila siku, na nitaeleza kama ilivyokuwa, bila kujipamba. Chuoni kwetu upande wa mdahalo tulikuwa tukiupata kwa kuokota karatasi. Jumamosi moja niliokota karatasi ya kutetea kwamba mtoto wa kike asipelekwe shule, nikatetea, nikashinda. Jumamosi iliyofuata nikapinga jambo lilelile, nikashinda tena. Mwalimu alisema nina kipaji. Nilikuwa nimezoea maneno yasiyonidai kitu baada ya kengele. Na mbele yangu alikuwa mtani, ambaye kwake neno halina kesi. Jua lilikuwa linakwenda. Nilitaka kuendelea, nichote, nirudi, nilale.

"Basi mchukue mdogo wangu," nilisema, "uniache niende."

"Anaitwaje?"

Asubuhi ileile Mwaisha alikuwa amemsuka Yuliana mistari sita, huku akimwita jina kila aliporukaruka. Hilo nililijua. Nikafikiri: anaigiza vizuri, marehemu amesahau watoto wake.

"Yuliana," nikasema.

Maji yakanyamaza.

Hayakupungua. Yalinyamaza, yote kwa pamoja, kama darasa mwalimu mkuu anapoingia. Nilisikia jani moja likidondosha tone.

Kisha yakaendelea.

"Haya," akasema.

Mkwaruzo haukuwepo. Ilikuwa sauti laini, nyepesi. Akageuka akashuka, nami nikamsikiliza mpaka alipopotelea kwenye mianzi. Hakuburuta mguu. Hatua zilikuwa za harakaharaka, ndogo ndogo, za mtu asiye na uzito. Nikajiambia Mwaisha amechoka kuchechemea.

Nikafika kwenye maporomoko. Wazungu wa misheni huwa wanayasifu, na nadhani ni mazuri. Maji meupe yalikuwa yakianguka kutoka juu sana, ukungu ukinilowesha nyusi. Nilikizamisha kibuyu. Kilijaa. Nikaziba kwa gunzi.

Wakati wa kushuka niliangalia chini kwa sababu ya utelezi. Matope yalikuwa na alama za viatu vyangu zikipanda. Nikatafuta miguu peku ya Mwaisha ikipanda nyuma yangu. Haikuwepo. Pale kwenye mawe mawili ndipo nyayo zilipoanzia, peku, zikishuka.

Zilikuwa ndogo. Ningeweza kuufunika kila wayo kwa kiganja.

Nilipofika uani giza lilikuwa linaanza kuingia. Mwaisha alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, ungo mapajani.

"Mwalimu!" akaita. "Bado lipu haijabanduka?"

"Umerudi saa ngapi?"

"Nirudi kutoka wapi?"

"Korongoni."

"Korongoni nikafuate nini na magoti haya? Tangu uondoke nimekalia kinu hiki hiki. Muulize mjomba wako, matusi yangu yamemjaa masikioni."

Mjomba akaguna kukubali. Modesta, aliyekuwa akimenya ndizi kando yake, akasema hivyo hivyo. Na mimi nikaliangalia gauni. Lilikuwa limepinduliwa ndani nje, kama asubuhi. Mishono ilikuwa nje. Maua hayakuonekana, ila kivuli chake tu, kama doa lililofuliwa.

"Yuliana yuko wapi?"

"Jikoni, nimemlaza," Modesta akasema. "Alikuwa ananisaidia kumenya. Jua lilipogusa mlima akainamisha kichwa, basi. Hata hakupiga miayo."

Nikaingia jikoni. Alikuwa amelala ubavu karibu na mafiga, mistari yake sita kichwani, mdomo wazi kidogo. Niliangalia nyayo zake. Zilikuwa kavu, safi. Nikashusha pumzi. Halafu nikazigusa. Moto ulikuwa unawaka hatua moja kutoka pale, na miguu ile ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni.

Mjomba alisimama mlangoni, kibuyu mkononi.

"Ulitaja jina?"

"Hapana," nikasema.

Nilisema upesi na kwa uso mkavu, kama nilivyofundishwa kumjibu mpinzani.

Asubuhi nilishinda.

Ningependa niliandike hilo kwa sababu hakuna mwingine atakayelisema. Wazee saba walikaa, nikasimama, nikaanza na shamba badala ya shule, kwa sababu nilijua shamba ndilo linalowauma. Nikawauliza nani alimwagilia mboga za mama alipokuwa mgonjwa. Modesta. Nani anajua mpaka wa kila jiwe? Modesta. Nikamuuliza mjomba kama ukoo unataka mlinzi wa miaka kumi anayelala saa kumi na mbili. Wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Huyu angekuwa mwanamume tungemtuma kwa Bwana D.C." Nikamwambia anitume hivi hivi nilivyo, wakacheka zaidi. Mwisho mjomba akatazama chini, akasema, "Basi. Awe Modesta."

Modesta akapiga magoti juu ya mkeka. Mjomba akatoa gunzi. Yuliana alikuwa amekaa nyuma na watoto, hajasema neno tangu aamke.

Akasimama.

"Modesta, inuka," alisema. "Hilo si lako."

Hakusema dada Modesta. Mtoto wa miaka kumi, mbele ya wazee. Nilitaka kumkemea, nikaona anavyokuja. Ta... srrr. Ta... srrr. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuwa anaigiza. Mtu anayeigiza huangalia kama mnamwangalia.

"Severini," akasema. "Ile migomba ya bondeni mbona hujaikata? Ulinishika mkono ukasema utaikata Jumatatu."

Mjomba alikuwa mtu mweusi. Nilimwona anavyogeuka rangi ya majivu.

"Naam, dada," akajibu.

Lilimtoka. Nilimwona akiziba mdomo wake kwa kiganja, lakini lilikuwa limeshatoka, na watu wote walilisikia.

"Mimi nimeshaitwa," Yuliana akasema. "Jana, kule juu." Akanyoosha kidole. "Huyu alinipa."

Macho yote yakanigeukia. Mjomba akaniuliza tena, polepole, kama anayemuuliza mgonjwa, "Ulitaja?"

Mimi mwenye maneno yote yale.

"Ulikuwa utani," nikasema. "Nilidhani ni mtani."

Kisha nikamgeukia Mwaisha, nadhani nikitaka anisaidie. Tangu nimfahamu sijawahi kumwona Mwaisha bila mzaha mdomoni. Alikuwa amesimama. Alilivua gauni la mama pale pale, ndani alikuwa na kaniki yake, akalikunja, akaliweka chini kwenye vumbi, mbali na miguu yake.

"Msinitie mimi," alisema. "Utani una watu wake."

Akachukua furushi lake akashika njia ya Mkuyuni bila kuaga. Hajarudi kwetu mpaka leo.

Yuliana ndiye aliyeoshwa uso. Walisema kumwacha hivyo ingekuwa vibaya zaidi. Maji yalipomgusa hakufumba macho.

Maelezo yapo, nayo nimeyasikia yote. Mjomba alipopata nguvu alisema habari ya migomba mtoto aliisikia kitandani kwa marehemu, alikuwa amejificha nyuma ya mlango. Padre alisema ni homa ya huzuni, asubiriwe. Modesta alisema labda Yuliana alinifuata korongoni na kurudi akikimbia kabla mtu hajagundua. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisema mtoto hakuondoka ubavuni pake. Akasema, "Nilidhani."

Nilizikubali hoja hizo moja moja. Kila moja ningeweza kuitetea.

Kabla sijarudi chuoni nilimletea kitabu chake cha darasa la tatu. Nilikaa naye kizingitini, nikakifungua, nikamwambia, "Nisomee." Alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake. Akakitazama sana. Kilikuwa juu chini.

"Mimi haya siyajui, mwanangu," akasema. "Nisomee wewe."

Mama hakujua kusoma.

Nilisoma ukurasa mzima. Ulikuwa habari ya sungura. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akainuka kwenda kupalilia.

Likizo ya Julai nilipanda tena korongoni, peke yangu, saa ya mchana. Njia ilikuwa nyepesi, majani yamekauka, hata upupu umepukutika. Nilikuwa nimejiandaa miezi mitatu. Nilikuwa na hoja nane. Nilifika mpaka mwisho, nikasimama mbele ya maporomoko, na hapakuwa na maporomoko. Mwamba mkavu, na mstari mweusi wa kuvu pale maji yalipokuwa yakipita. Chini, majani makavu na kiatu cha mtu.

"Bernadeta," nilisema. "Mimi naitwa Bernadeta. Nichukueni mimi, mumrudishe."

Nikasema tena kwa nguvu. Nikalipiga kelele. Jina langu lilienda likagonga mwamba, wala halikurudi. Nilitoa hoja zote nane, mpaka sauti ikaniisha. Hakuna aliyenipinga. Ndege mmoja aliruka, akatua, akanisahau.

Mjomba alinikuta nikishuka. Hakuuliza nilikotoka.

"Hata masika yajayo hayatasaidia," alisema. "Kule juu hakuna anayesubiri tena. Jina limeshapata mwenyewe."

Nilitaka kumwambia ni yeye mwenye kosa. Barua yake, hofu yake ya matuta, rozari yake mkono mmoja na kibuyu chake mkono wa pili. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa ameshika panga, na suruali yake ilikuwa na utomvu wa migomba mpaka magotini. Nikampita.

Siku ya kuondoka Yuliana alinisindikiza hadi Mkuyuni, lori linapopakia. Tulitembea nusu siku, yeye mbele, mimi nyuma ya mguu ule. Watoto wa umri wake walikuwa wakicheza rede kando ya soko, hakuwaangalia. Wanawake wa sokoni walimwamkia kwa jina la mama. Aliitikia, akawauliza hali za waume zao.

Lori lilipowashwa nilishika mkoba wangu. Alisimama mbele yangu, kidevu juu kidogo, akisubiri.

Nilijua anasubiri nini. Wote nyumbani walikuwa wameshaanza kumwamkia kama mama. Mimi sikuwahi. Likizo zote mbili nilikuwa nimemwita Yuliana, kila siku, kwa makusudi, na kila siku aligeuka akatafuta ni nani anayeitwa.

Utingo akapiga bodi mara mbili.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

Akatazama shingo yangu, akaguna kwa kutoridhika, akaenda kuleta jiwe kubwa kutoka kando ya barabara. Akaliweka mbele ya miguu yangu na kupanda juu yake, ili anifikie, akanifunga kifungo cha juu cha sweta.